Ng'ombe Sifuri wa Mzee Byarugaba

Nilianza kazi Jumatatu, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, wiki ile ile tuliyomaliza mtihani wa kidato cha nne, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba nimeanza. Nilisimama nje ya duka la Mama Koku hapa Kayanga nikisoma bei za fotokopi ukutani, kana kwamba nina kitu cha kutoa kopi. Njia nzima kutoka Bugene nilikuwa najifunza namna ya kusalimia. Mama Koku alipotoka kumwaga maji akaniuliza nasubiri nini. Nikasema nasubiri kuambiwa niingie. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema basi nimefaulu usaili, maana msichana aliyenitangulia alikuwa anaongea mpaka wateja wanasahau walichofuata.

Jana nimestaafu. Nina miaka kumi na minane. Najua wastaafu wengine huandika kumbukumbu zao wakiwa na mvi, lakini Jumatatu naripoti kidato cha tano, na huko ninakopelekwa hata simu haziruhusiwi, kwa hiyo utumishi wangu umefika mwisho kwa kila namna unavyoweza kulitazama jambo hilo. Haya nakuandikia wewe, Asela, mpwa wa Mama Koku, utakayekaa kwenye kiti changu. Ana kwa ana nisingeweza. Umeniona mwenyewe: ulipokuja kuangalia kazi nilikuonyesha kila kitu kwa kidole, nikamaliza, nikaenda uani nikakaa huko. Vyeo sitavigusa, maana kilikuwa kimoja. Mshahara pia sitaugusa. Utakutana nao mwenyewe, usije ukakata tamaa kabla ya kufika.

Nianze na vifaa. Kibodi ina herufi n inayotaka kubonyezwa kwa hasira. Usipokuwa na hasira, Nyakatuntu inakuwa yakatutu, na watu wa Kyerwa hawapendi. Printa haigongwi, inapapaswa ubavuni, upande wa kushoto. Mkasi mkubwa wenye mpini mwekundu ni wa kukatia picha za pasipoti na hauguswi kwa kazi nyingine yoyote. Nilipoutumia siku ya pili kufungulia mfuko wa maandazi, Mama Koku hakunifokea. Aliuchukua, akaufuta kwa kitambaa, akauweka mahali pake, na hakuniambia neno mpaka jioni. Mimi niliye mnyamavu nikajua kwamba kuna watu wananyamaza kunishinda.

Sasa fomu. Ushirika wa wafugaji ulimpa Kaka Mwesiga kazi ya kutengeneza tovuti ya kuandikisha wafugaji wa Karagwe na Kyerwa. Kaka Mwesiga utamjua kwa begi la laputopu lisilotoka mgongoni hata akinywa chai. Amesomea kompyuta chuoni, akarudi Bugene kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, mjini alikuta watu wengi wanaojua kuliko yeye. Tovuti ilipokuwa tayari ikaonekana kwamba wafugaji wengi hawana intaneti, kwa hiyo wakawa wanakuja dukani, wanakaa kwenye lile benchi, na mimi nawajazia. Nilimshukuru Mungu kwa ile kompyuta. Ukiwa unaandika, mtu hashangai usipomtazama usoni.

Ndiye Mwesiga aliyenifundisha kazi, na alinifundisha vizuri. Alinieleza kwamba fomu ina mbele na nyuma. Mbele ni visanduku unavyoviona kwenye kioo. Nyuma kuna kitu anachokiita modeli: kila kisanduku kina nafasi yake kule, na kila nafasi ina aina ya kitu inachokubali. Nyingine inapokea namba, nyingine maneno, nyingine tarehe. Mtengenezaji makini hukaa akaiambia kila nafasi wewe ni aina gani. Lakini ushirika ulikuwa unaitaka fomu haraka, kwa hiyo Mwesiga akaiachia programu itambue yenyewe, kwa kuangalia vitu vya kwanza alivyojaza yeye wakati wa kujaribu. Akawa anaiita akili ya mfumo, kwa fahari. Mimi moyoni nikawa naiita Mbahatishaji.

Mbahatishaji alianza na namba za simu. Aliona tarakimu tupu, akaamua hizi ni namba kama namba nyingine, na namba ya kawaida haianzi na sifuri, kwa hiyo akawa anaifuta ile sifuri ya mbele kwa unadhifu kabisa. Wafugaji wa tarafa nzima wakawa na simu zisizopigika. Mwesiga akarekebisha. Halafu akaja kaka mmoja wa Nyaishozi mwenye nusu ekari ya majani ya kulishia. Nikaandika 1/2 kwenye kisanduku cha eneo. Nilipomsomea fomu yake kabla ya kuondoka, eneo la shamba lilikuwa tarehe moja Februari. Yule kaka akafikiri kidogo, akauliza kama hilo ni eneo lake au ni siku ya kuja kunyang'anywa. Mwesiga akarekebisha tena. Kila alichorekebisha kilirekebika kweli, hilo nalisema kwa haki. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunamkamata Mbahatishaji baada ya tendo, kama kuku anayechokora kwenye maharage.

Kisanduku kilichoniletea kesi yangu ngumu kuliko zote kilikuwa kinaitwa Idadi ya ng'ombe.

Mzee Byarugaba alikuja mara ya kwanza kabla ya mvua za masika. Anakaa Nyakatuntu, ni mfugaji wa toka ujana wake, mrefu, mwenye koti la suti na mabuti ya mpira. Nilimwuliza ana ng'ombe wangapi. Alinitazama kama nimemuuliza ni lini atazikwa. Kisha akasema kwa upole, "Wapo."

Nikaandika Wapo. Nikabonyeza Tuma. Ikatokea tiki ya kijani.

Hapa nikueleze, Asela, kwa kuwa kwenu mnalima kahawa na hamna shida hii. Wafugaji wengi wa kule, hasa wazee, hawahesabu ng'ombe. Kuhesabu ni kuwaita balaa. Jioni mzee anasimama mlangoni mwa zizi, wanapita mmoja mmoja, anawaangalia, na kama kuna aliyebaki porini anamtaja kwa jina na kwa mama yake. Kwa hiyo kisanduku kile kilipata majibu ya kila aina. Wanatosha. Mungu anajua. Wachache tu, na mwenye wengi kuliko wote ndiye husema wachache tu. Yote niliyaandika kama yalivyosemwa, na yote yalipata tiki ya kijani. Vijana walitaja namba bila wasiwasi. Mimi sikuona tofauti, maana kijani kilikuwa kile kile.

Nyuma mambo yalikuwa tofauti. Mwesiga alipojaribu fomu alikuwa ameandika 12, kwa hiyo Mbahatishaji akaamua kwamba pale panakaa namba. Neno Wapo lilipofika, hakulikataa wala hakuuliza. Alilipekua, hakuona namba ndani yake, akaandika sifuri. Sifuri ni namba. Tiki.

Miezi ikapita, hakuna aliyejua, mpaka ikaja habari ya chanjo ya ndigana kali. Ndigana ni ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama. Chanjo yake haikai kwenye friji ya kawaida, inaletwa imegandishwa kwenye mtungi wa baridi kali, na ikishayeyushwa inatumika siku hiyo hiyo au inamwagwa. Kwa hiyo afisa mifugo anaagiza kulingana na idadi iliyoandikishwa, basi. Asiyekuwemo hapati, hata akisimama na ng'ombe wake mbele ya daktari. Kuandikisha kulipangwa kufungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, ambayo pia ilikuwa Ijumaa yangu ya kustaafu.

Jumatano wakasoma orodha ya awali kwenye josho la Nyakatuntu, wanakoogeshea ng'ombe, mbele ya watu wote. Byarugaba: ng'ombe sifuri. Mimi sikuwepo, nilihadithiwa baadaye na yeye mwenyewe. Hapo watu wakaanza. Mmoja akampa pole. Mwingine akamwuliza kama yuko tayari kuchunga ng'ombe wa watu. Jioni jirani yake akamtuma mtoto na kibuyu cha maziwa, eti ni msaada kwa mtu asiye na ng'ombe.

Alhamisi simu za wazee wengine zilianza kumiminika kwa Mwesiga. Akafanya jambo la haraka: akakibadilisha kisanduku kiwe cha maneno. Nikawajazia upya, Wapo ikabaki Wapo. Tukafurahi kwa muda wa kutosha kunywa chai. Kisha afisa mifugo akapiga simu akiuliza kwa sauti ya taratibu kama Kyerwa peke yake ina ng'ombe wengi kuliko nchi nzima. Kumbe namba zikifanywa maneno hazijumlishwi tena, zinaunganishwa. Mwenye ng'ombe saba na mwenye ng'ombe kumi na wawili hawakupata kumi na tisa, walipata 712, na kila mfugaji aliyefuata akabandikwa mbele, mpaka jumla ikatoka nje ya ukurasa, na mwisho wake ikasomeka Wapo. Afisa akasema yeye anataka namba, na asiyekuwa na namba ifikapo Ijumaa jioni ataachwa. Mwesiga akarudisha kisanduku kwenye namba, safari hii ameifundisha fomu ikatae. Ukiandika neno, inakuja rangi nyekundu: Ingiza namba sahihi.

Wazee wengine walikubali watoto wao wawahesabie wao wakitazama pembeni. Ijumaa mchana akabaki mmoja.

Aliingia akiwa na vumbi la njia nzima mpaka kwenye nyusi. Mama Koku akampa maji ya kunawa. Nikasimama, nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeua ng'ombe wangu?"

Mama Koku akageukia ukutani. Nilijua anacheka kwa jinsi mabega yalivyokuwa yanaenda.

"Si mimi, baba. Ni mfumo."

"Huyo Mfumo ni kijana wa nani? Nimjue baba yake, nikamdai."

Hakuwa hajui. Alikuwa ananichokoza, na alipoona nimeinamia kibodi mpaka paji la uso linakaribia kugusa, akaacha. Akakaa kwenye benchi. Nikamwambia kwa sauti yangu, ambayo Mama Koku anasema ni ya mtu anayeongea ndani ya blanketi, kwamba lazima atoe namba kabla ya jioni.

Hakukasirika. Alisema mwaka jana kulikuja kijana wa mradi mmoja, mpole, ana kofia, akamwomba amhesabie mifugo. Akakataa. Kijana akahesabu mwenyewe, akisonta kidole mmoja mmoja, akaandika, akashukuru, akaondoka. "Masika hiyo," akasema, "kazi yangu ilikuwa kuchimba mashimo." Akavifuta viganja vyake kwenye koti kama bado vina udongo. Ndama wa mwaka huu, akasema, ndio wale waliobaki kujaza pengo. Wakienda na hawa, atakuwa kweli yule mtu waliyemsoma kwenye josho.

Mama Koku, anayependa mambo yaishe, akamwambia aweke hamsini tu, nani atajua.

"Ng'ombe watajua," akasema mzee.

Na hata afisa angejua. Ukiweka pungufu, kuna watakaoachwa. Ukizidisha, dawa inamwagwa na mwakani hawakuletei. Nikawa natazama kile kisanduku chekundu. Kilitaka kitu kimoja tu na yule mzee alikuwa na vyote isipokuwa hicho.

Sijui ni kwa nini niliuliza nilichouliza. Nadhani ni kwa sababu ndilo swali pekee ambalo mimi mwenyewe huwa najibu bila kuona aibu. Nikamwuliza ng'ombe wake wanaitwaje.

Asela, yule mzee alikaa upya. Alianza na Bihogo, mwekundu wa kahawia, akaja kwa binti wa Bihogo, akaeleza tabia yake, akamtaja ndama wake aliyezaliwa mvua ikinyesha. Wakati anaeleza habari ya wa nne, mimi nilikuwa nimeshachukua simu ya Mama Koku. Kwa muda wote wa utumishi wangu nilikuwa namwandikia Mwesiga ujumbe. Sikuwahi kumpigia, kwa sababu kwenye simu mtu anakusubiri. Akapokea. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa bodaboda.

"Kaka Mwesiga, usikate. Nataka kisanduku cha majina. Jina moja mstari mmoja. Halafu kompyuta ihesabu mistari yenyewe, iweke kule kwenye idadi."

Nikadhani nimekosea kitu kikubwa.

"Nani huyu?" akauliza.

Nikamwambia ni mimi. Akasema hajawahi kuisikia sauti yangu ikiwa ndefu hivyo. Halafu nikamsikia anamwambia mwenye bodaboda asimame.

"Mistari inahesabika," akasema. "Na safari hii naiambia fomu mwenyewe nafasi hii ni ya nini. Habahatishi mtu. Lakini sijajaribu, na jioni ndiyo hiyo."

Alikaa pembeni ya barabara, laputopu mapajani. Sisi tukasubiri. Mzee Byarugaba alikunywa chai, akamsifia Mama Koku chai, akamwuliza Mama Koku kama yule binti, yaani mimi, huwa hivi siku zote. Mama Koku akasema leo nimeongea sana, labda nina homa.

Kisanduku kilipotokea, kipana, kimeandikwa Majina ya ng'ombe, mzee alisimama. Alienda mpaka mlangoni pa duka, akaegemea mwimo, akaangalia barabara. Nikaelewa kwamba barabara hakuwa anaiona. Akaanza kuwaita, mmoja mmoja, kwa mwendo wa ng'ombe wanaoingia zizini, na mimi nikawa naandika, n ikipigwa kwa hasira inayostahili. Mara mbili alinyamaza, akarudi nyuma, akamtaja aliyekuwa amesahaulika na kumsema kwa uvivu wake. Wateja wawili walikuja kutoa fotokopi wakapitia dirishani ili wasivuruge njia.

Kulikuwa na mmoja anaitwa Desemba. Kwa jinsi ninavyomfahamu Mbahatishaji, nilijua huyo atageuzwa tarehe, na tarehe haichanjwi. Nikaandika, nikashuka mstari, nikasubiri. Akabaki Desemba, mzima, na mkia wake.

Mzee alipogeuka kutoka mlangoni nikabonyeza Tuma. Tiki ya kijani ikaja. Lakini mimi na tiki ya kijani tulikuwa tumeshafahamiana.

"Sasa imehesabu?" akauliza.

Nikamweleza kwamba itahesabu baada ya kufungwa, sisi tukiwa hatupo. Vyeti vya kuandikishwa chanjo vitatoka kesho asubuhi na hapo ndipo tutajua. Hakuna aliyehesabu hapa: yeye ametaja, mimi nimeandika.

Akalitafakari hilo akiwa amekunja uso. "Na balaa? Mashine ikihesabu, balaa linamwendea nani, waitu, binti yangu?"

"Mashine haina ng'ombe, baba."

Hapo akacheka, kwa mara ya kwanza, akaniwekea mkono kichwani kama mtu anayepima kama kweli nina homa, akatoka kuwahi gari la mwisho la Nyakatuntu. Mama Koku akaninunulia soda ya kuniaga. Alitaka kusema kitu, na mimi nilitaka kusema kitu, kwa hiyo tulikunywa soda.

Leo asubuhi nilipaswa kufunga tranka. Badala yake nimetembea kutoka Bugene, nimefika kabla Mama Koku hajafungua, nikasimama pale pale kwenye bei za fotokopi. Akanikuta. Hakuniuliza nasubiri nini, akanipa funguo.

Vyeti vilikuwa vimetoka. Nikaipapasa printa ubavuni, upande wa kushoto, na cha Mzee Byarugaba kikaanza kuteremka taratibu. Juu kimeandikwa Imethibitishwa. Chini yake majina, mstari kwa mstari, Bihogo na binti yake na wote, na Desemba katikati ya wenzake. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa wa jumla. Niliufunika kwa kiganja kabla macho hayajafika. Afisa anayo namba yake kule nyuma, dawa inaletwa kwa namba hiyo, inatosha. Nikachukua mkasi wenye mpini mwekundu, Mama Koku akinitazama, nikaukata ule mstari. Kipande nikakiangusha kwenye jiko la chai kikiwa kimegeuzwa uso chini. Mama Koku alichukua mkasi, akaufuta kwa kitambaa, akaurudisha mahali pake.

Gari la kwanza la Nyakatuntu lilikuwa linapakia. Nikamkabidhi dereva bahasha, nikamtajia anakopeleka, na nikamtazama usoni ili asisahau.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya chanjo. Ya ng'ombe wa Mzee Byarugaba."

Akacheka. Habari za josho zilikuwa zimemfikia na yeye. "Mzee Byarugaba? Si tunasikia hana?"

"Wapo," nikamwambia.